Sarakasi ya Mfalme Leopold

Wanaozikumbuka sarakasi za zamani za Ulaya na Marekani huanza na ndovu: wakishushwa kwenye treni alfajiri, wakipita barabara kuu kwa mstari, kila mmoja ameshika mkia wa mwenzake kwa mkonga. Mwambao wa Ziwa Tanganyika haukuwa na njia ya kupitishia mambo hayo. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kaskazini ya hapo, kuelekea Mwamgongo, milima ya Gombe inatelemka hadi majini, hivi kwamba msafiri wa huko hutegemea boti na mitumbwi. Hata hivyo, miaka 35 kabla ya garimoshi, ziwa hili lilifikiwa na tembo aliyefunzwa. Alitoka Bara Hindi kwa amri ya mfalme wa Ubelgiji, na safari yake kwa kawaida huandikwa kama jaribio la usafirishaji lililoshindwa. Mimi naona inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kama sarakasi.

Mwenye hema alikuwa Leopold wa Pili. Septemba 1876 aliwaita Brussels wasafiri na wanajiografia maarufu, akaunda Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, akatangaza kuwa haja yake ni elimu na kukomesha biashara ya watumwa. Jumuiya ilitaka vituo kuanzia pwani hadi ziwani, na vituo vilihitaji mizigo. Ng'ombe hawakufaa: mwaka 1877 mmisionari Roger Price alijaribu mikokoteni ya maksai kati ya Saadani na Mpwapwa, na mbung'o wakawamaliza wanyama wake. Ndipo katikati ya mwaka 1879 meli kutoka Bombay ilipotia nanga Msasani, karibu na Dar es Salaam, ikiwa na ndovu wanne na waongozaji wao wa Kihindi, chini ya Kapteni Frederick Carter. Ndovu hao waliitwa Sundergrund, Naderbux, Sosankalli na Pulmalla. Madume wawili walikufa mapema njiani, na Sosankalli naye hakuliona ziwa. Pulmalla peke yake aliingia Karema, kusini ya Ujiji, mji jirani wa Kigoma, katika mwambao huu huu wa mashariki, Desemba 1879. Mwaka uliofuata naye akafa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoleta shaka. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na mkeka na chungu chake. Tukadirie kwa ukarimu kwamba kila ndovu angebeba nusu tani: wote wanne, wakiwa hai na wenye afya, wangechukua nafasi ya wapagazi wasiozidi sitini na wachache. Misafara ya wafanyabiashara wa Unyanyembe na Ujiji ilikuwa na mamia ya watu, mingine zaidi ya elfu. Wapagazi sitini wangepatikana Bagamoyo bila kukodi meli Bombay, bila kuajiri waongozaji wa kigeni, na bila kumtafutia kila mnyama lundo la majani kila siku katikati ya mbuga kavu za Ugogo. Mfanyabiashara mwenye akili timamu asingefanya biashara ya namna hiyo. Mtu wa maonyesho angeifanya.

Na cha kuonyesha kilikuwepo. Watu wa njia ile walimjua tembo kuliko Mbelgiji yeyote. Walimwinda, walimla, waliyalinda mashamba yao dhidi yake, na walibeba pembe zake hadi pwani. Kwa soko la Ujiji, tembo alikuwa pembe mbili na nyama. Kilichokuwa kipya ni kumwona akipiga magoti kwa neno la binadamu, akapakiwa mzigo, akainuka na kuufuata msafara kwa utulivu. Hicho hasa ndicho mtazamaji wa sarakasi hulipia: mnyama anayeweza kumponda mtu anapomtii mtu. Msafara uliokwenda hivyo ulibeba, pamoja na nguo na shanga, tangazo kwamba wenye kutii walikuwa na bwana mpya.

Yapo mapingamizi mawili ya kujibiwa. La kwanza ni kwamba jaribio lilithibitisha kitu: ndovu walipita kwenye nchi ya mbung'o wasife kama maksai. Ni kweli, na Carter aliliamini jambo hilo kwa dhati. Aliuawa yeye na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe mwaka 1880, walipokuwa wakirudi kutoka Karema, vita vya mtemi Mirambo vilipowakuta. Lakini nia njema ya kapteni haielezi nia ya aliyemtuma. La pili lina uzito zaidi. Kaskazini mwa Kongo, Wabelgiji waliendelea kwa miongo mingi kuwafunza ndovu wa Kiafrika, kazi aliyoianzisha ofisa Laplume na iliyokuja kuwa na kituo chake Gangala-na-Bodio, na wanyama hao walilima na kuvuta magari. Basi ndovu hufanya kazi. Naam, hufanya, akikaa mahali pamoja na kulishwa na kituo kizima cha serikali. Na hata Gangala-na-Bodio mwishowe ilijulikana zaidi kwa wageni waliokwenda kutazama na kupanda ndovu kuliko kwa mashamba yake.

Ushahidi wa upande wa pili uko Ujiji kwenyewe. Edward Hore wa Jumuiya ya Wamisionari ya London, aliyefika hapo Agosti 1878, alitaka mashua ya chuma. Ililetwa vipande vipande, ikivutwa kwa mikono kwenye mikokoteni kutoka Saadani, na ikafika ziwani mwaka 1883. Kazi waliyoletewa ndovu ilifanywa na watu. Majina ya ndovu wanne tunayo hadi leo; ya wale waliovuta chuma hicho kupita Ugogo karibu yote yamepotea, jambo ambalo linasema vya kutosha kuhusu nani alikuwa jukwaani na nani alikuwa nyuma ya pazia.

Atauliza mtu: sarakasi gani hii, wanyama wote wamekufa ndani ya mwaka mmoja hivi? Swali hilo linasahau kwamba watazamaji wakubwa hawakuwa Ugogo wala Karema. Walikuwa Brussels, London na Paris, wakisoma habari za mfalme mkarimu anayepeleka ndovu ili Mwafrika apunguziwe mzigo. Kwao Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ilibaki kazi ya huruma huku msafiri Stanley, aliyekodiwa na Leopold huyo huyo, akijenga vituo kwenye Mto Kongo. Februari 1885 Mkutano wa Berlin ulipomalizika, mataifa makubwa yalikuwa yameshaitambua bendera ya Leopold kule Kongo. Mwaka huo huo aliwaachia wamisionari Wakatoliki wa White Fathers kituo cha Karema, ngome na vyote vilivyomo, kwa kuwa hakikuwa na faida kwake tena.