Kidogo, chache, haba: nani anapima?

Hebu jaribu hivi. Uko sokoni Mikindani, unasema "naomba korosho kidogo". Kisha badilisha: "naomba korosho chache". Ombi la kwanza linamwachia muuzaji apime kwa kiganja chake. La pili linamfanya awaze kuhesabu punje. Sasa sema "naomba korosho haba". Atakushangaa, maana haba ni neno la kulalamikia upungufu, si la kuombea: mvua haba, samaki haba.

Pwani hii haikukosa vipimo kamili. Enzi za biashara ya majahazi, pembe za ndovu na sandarusi zilipimwa kwa frasila, takriban kilo 16. Nafaka ilipimwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba 4. Haba lenyewe limetoka Kiarabu, likiwa na maana ya punje. Ndiyo maana haba na haba hujaza kibaba: punje kwa punje mpaka kipimo kijae.

Leo dukani tunapima kwa kilo, lakini kwenye kuomba bado tunasema kidogo. Kwa nini? Msikilize mwanafunzi: "Naomba kalamu yako kidogo." Kalamu haigawanyiki! Anachopunguza ni muda na uzito wa ombi.

Basi mtu akikuomba "hela kidogo", jua hajataja kiasi. Amekuachia wewe uamue. Ni adabu nzuri, ila deni halilipwi kwa adabu. Mkikopeshana, rudini kwenye kipimo: shilingi ngapi, na mpaka lini?