Wasomaji wa Ugogo

Msafiri atokaye pwani kwa gari la moshi, akisha kupanda kutoka Kilosa na kukipita kituo cha Gulwe, hujiona ameingia katika nchi nyingine, Ugogo, nchi ya Wagogo, nchi ya udongo mwekundu, miiba na mibuyu, yenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, ambayo watu wa misafara ya karne ya kumi na tisa walikuwa wakiitaja kwa hofu kwa sababu mbili: uhaba wa maji na hongo, yaani ushuru wa njia, za watemi. Wamisionari Waingereza wa CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana, walipofika Mpwapwa, mlangoni mwa Ugogo, mwaka 1876, azma yao haikuwa Ugogo. Nyoyo zao zilikuwa Buganda, kwa mfalme wake, Kabaka Mutesa, na Mpwapwa ilikuwa mahali pa kupumzishia wapagazi na kufunga upya mizigo. Kituo kilisimamishwa barabara mwaka 1878, na hivyo kanisa la nyanda za kati likazaliwa kando ya njia, kama mtoto aliyezaliwa safarini, jambo ambalo huenda liliwafaa watu wake kuliko walivyojua, kwa kuwa ni vigumu kutakabari mahali ambapo kila mgeni anauliza njia ya kwenda kwingine.

Miongoni mwa walioifanya njia hiyo kuwa maskani alikuwa John Price, aliyejifunza Kigogo na kuanza kuifasiri Injili katika miaka ya 1880. Vita vya Abushiri dhidi ya Wadachi, yaani Wajerumani, vilifika Mpwapwa mwaka 1889 na kituo kikaharibiwa, lakini kazi ya tafsiri haikukatika, na Agano Jipya lote likatoka katika Kigogo mwaka 1899, wakati ambapo Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikuwa imekwisha kupigwa chapa tangu 1891. Na kama ilivyokuwa Buganda, msomaji na Mkristo yakawa maneno mawili yenye maana moja: mtu hakusemwa kwanza kuwa ameamini, bali kuwa anasoma.

Sharti tuingie ndani ya tembe ili tuelewe kusoma huko kulikuwa nini. Tembe ya Kigogo ni nyumba ndefu ya miti na udongo, yenye paa bapa, ambayo ndani yake huwa giza hata adhuhuri. Aghalabu basi kitabu kilifunguliwa alfajiri, karibu na mlango, kabla ya ng'ombe kutoka zizini, ama jioni, baada ya ugali wa uwele na mlenda, penye mwanga wa moto au wa kibatari. Aliyesoma alikuwa mtoto, yule yule mchunga ndama ambaye mchana kutwa hakuwa na ruhusa ya kufungua kinywa mbele ya wakubwa wake, na mzee mwenye kaya, aliyezoea kuamkiwa kwa taadhima na kusikilizwa hata anapokohoa, aliinama, akatega sikio, akasema, "Rudia hapo, mwanangu." Mimi naona kuwa unyenyekevu wa kwanza wa Kikristo katika Ugogo haukutoka katika mahubiri ya mtu yeyote, ulitoka katika macho ya wazee yasiyojua herufi. Na kwa kuwa siku haikupita bila ya kisomo, mzee aliinama kila siku, mpaka mgongo ukazoea.

Nimewahi kuishika Biblia moja ya Kiswahili ya zama hizo, ambayo jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa gunia. Pembe za kurasa za Zaburi na za Luka zilikuwa zimegeuka nyekundu kwa vumbi na vidole, na zile za Mambo ya Walawi zilikuwa nyeupe kama siku zilipotoka mtamboni. Luka ndimo ulimo mfano wa Farisayo na mtoza ushuru waliokwenda kuomba, na sidhani kuwa mfano huo ulihitaji mfasiri katika nchi ambayo babu walitoza hongo kila msafara, na wajukuu wakaja kutozwa kodi na Wadachi.

Lakini insafu yatulazimisha kusema kuwa neno unyenyekevu lilikuwa na maana mbili katika nchi hii, na kwamba kwa muda mrefu ile dhaifu ndiyo iliyotawala. Mwalimu mnyenyekevu, katika lugha ya vituo vya misheni, alikuwa yule aliyengoja barazani mpaka aitwe, aliyepokea ujira mdogo bila ya kunung'unika, na asiyeuliza kwa nini kiti kilikuwa kimoja. Unyenyekevu wa namna hiyo humfaa zaidi anayeamkiwa kuliko anayeamkia. Vita vya 1914 viliufunua upungufu wake. Wadachi waliwatia kizuizini wamisionari Waingereza, na baadhi ya walimu Waafrika wakafungwa pamoja nao kwa shutuma za ujasusi. Kisha ikaja njaa ya Mtunya, iliyoiangamiza Ugogo baina ya 1917 na 1920 na kuua maelfu ya watu. Katika miaka hiyo wale wale waliozoeshwa kungoja barazani walijikuta hawana wa kumngojea. Kitabu kilibaki mikononi mwao, na jamaa zilizosalia zikasoma bila ya msimamizi. Kutoka katika kizazi hicho walipatikana makasisi wa kwanza wa Kigogo, akiwamo Andrea Mwaka, ambaye shule moja ya Dodoma ina jina lake hata leo.

Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Kianglikana ya Tanganyika ya Kati, makao yake Dodoma, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, akatoka Australia. Miaka miwili baadaye, mbali na hapa, daktari Mwingereza wa Gahini katika Rwanda, Joe Church, alikutana huko Namirembe, Kampala, na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Kikao hicho cha wasomaji wawili, mweupe na mweusi, wafuasi wa Uamsho hukihesabu kuwa mwanzo wa Uamsho huo wa kiroho, uliosambaa Uganda na Kenya na kuingia Tanganyika kwa upande wa magharibi. Katika miaka ya 1940 alikuja Dodoma kufundisha shule kijana mmoja wa Kigezi, Uganda, Festo Kivengere, pamoja na mkewe Mera, akakaa zaidi ya miaka kumi. Naye na wenzake waliufanya mji huu wa reli kuwa mojawapo ya makao ya Uamsho.

Ushirika wa watu wa Uamsho, walioitana ndugu, haukuwa na mimbari. Walikaa kwa mviringo, wakasoma sura moja, kila mtu aya yake, wakanyamaza. Kisha yeyote ambaye neno limemgusa alisimama akaeleza, si maana ya aya, bali limemkuta akifanya nini. Walikuita huko kutembea nuruni. Mume aliungama mbele ya mkewe, mwalimu mbele ya mwanafunzi. Na jambo ambalo lilikuwa halijaonekana, mmisionari alisimama na kuwaomba radhi Waafrika kwa kiburi cha rangi yake na kwa ukali aliokuwa akiuita nidhamu. Waliokuwa na mali ya wizi waliirudisha, hata senti za serikali. Kila ungamo lilipokwisha waliimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ulioimbwa na watu wasiokijua Kiganda. Hapo barazani na sebuleni pakawa mahali pamoja, na ile maana dhaifu ya unyenyekevu ikakosa pa kusimama.

Sisemi kuwa ndugu walikuwa malaika. Kuna takaburi inayovaa kanzu ya toba, nayo ni mbaya kuliko takaburi ya tajiri, kwa kuwa haiwezi kushtakiwa. Walikuwapo waliohesabu machozi ya wenzao, na waliowaona wasioungama hadharani kuwa maiti. Huko Mukono, Uganda, mwaka 1941, wanafunzi ishirini na sita wa uchungaji, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa chuoni kwa ugomvi uliozuka juu ya mambo hayo. Katika nyanda za kati kanisa halikupasuka, nami naona sababu yake ni ile desturi ya tembe: watu waliokwisha kuzoea kusahihishwa na mtoto anayesoma hawakuona ajabu kubwa kusahihishwa na ndugu.

Tarehe 15 Mei 1955, huko Namirembe, Waafrika wanne waliwekwa wakfu kuwa maaskofu kwa siku moja, na mmoja wao alikuwa Yohana Omari, aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, akawa askofu msaidizi wa dayosisi hii. Mwaka 1959 yeye na Kivengere walialikwa Australia, nchi iliyoipa Dodoma askofu wake wa kwanza. Wakenda, wakahubiri toba kwa watu ambao kwa zaidi ya miaka thelathini walikuwa wakituma watu wao kuihubiri Ugogo.

Biblia nzima ya Kigogo ilitoka mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru, wakati vijana walikuwa wamekwisha kuzoea kusoma Kiswahili. Ikawa zamu ya bibi kusoma na mjukuu kuuliza maneno.