Rula Iliyotoweka Kwenye Kioo Ikarudi

Januari 1963, kijana wa miaka 24 aitwaye Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha MIT, Marekani. Ilihusu programu aliyoiita Sketchpad, iliyoendeshwa na TX-2, kompyuta kubwa ya maabara ya Lincoln. Mchoraji aliketi mbele ya kioo kidogo, mkono mmoja umeshika kalamu ya mwanga, wa pili uko kwenye vitufe. Akigusa kioo na kuvuta, mstari ulimfuata, umenyooka tangu mwanzo.

Rula haikuonekana popote. Mahali pake Sutherland aliweka masharti. Mtu aliweza kuchora pembenne iliyokwenda mrama, kisha akaiagiza mashine: mistari hii miwili iwe sambamba, hii ikutane kwa pembe mraba, ile ilingane urefu. Kompyuta ilikokotoa, na umbo likajinyoosha mbele ya macho yake. Hata kona moja iliposogezwa baadaye, nyingine zilihama nayo ili sharti lisivunjwe. Rula ya mbao ikishaondolewa karatasini haina habari tena na mstari iliouongoza. Katika Sketchpad unyoofu ulibaki ndani ya mchoro.

Waliofaidi kwanza wazo hilo walikuwa wahandisi. Programu ya AutoCAD ya kampuni ya Autodesk, iliyotoka mwishoni mwa 1982, ilileta uchoraji wa ramani kwenye kompyuta za mezani, na taratibu rula-T na pembetatu za plastiki zikaanza kuondoka ofisini. Ukiwasha hali ya mlalo na wima, mstari hukataa kwenda upande mwingine wowote. Mwaka 1984 kompyuta ya kwanza ya Macintosh iliuzwa pamoja na programu ya kuchora ya MacPaint, kazi ya Bill Atkinson. Humo ilitosha kushikilia kitufe cha Shift na mstari ukanyooka. Kitufe hicho ndicho rula ya kwanza ya kompyuta kwa wengi wetu, ingawa hakuna aliyetuambia kuwa ni rula.

Lakini mstari wa aina hiyo hauna mkono ndani yake. Unachagua nukta mbili, mashine inajaza katikati, na unene ni uleule toka mwanzo hadi mwisho. Kwa ramani ya nyumba ndivyo inavyotakiwa. Kwa msanii ni hasara, na hakuna walioijua hasara hiyo zaidi ya wachoraji wa katuni za manga wa Japani.

Kurasa zao zimejaa mistari ya kasi, na ile inayotoka pande zote ikielekea nukta moja ili jicho la msomaji liende kwenye uso wenye hofu au ngumi inayotua. Kwa karatasi, pini ilichomekwa kwenye nukta hiyo, rula ikaegemezwa kwenye pini, na mstari ukavutwa kwa kalamu ya nibu. Kisha rula ikazungushwa kidogo, ukavutwa mwingine, na mwingine tena. Ukingo ulioinama wa rula uligeuzwa chini ili wino usipenye. Mara nyingi kazi hii iliangukia wasaidizi, na ubora wao ulionekana kwenye mkia wa mstari: uanze mnene, uishe mwembamba kama unywele. Mashine ya nukta mbili isingeweza kuutoa mkia ule.

Kampuni ya Celsys ya Tokyo ilitoa ComicStudio mwaka 2001, na Clip Studio Paint mwaka 2012. Rula za programu hizi hazichori chochote. Zinaishikilia njia tu. Mkazo wa mkono, kasi yake na pale inaponyanyuka vyote hubaki vya mchoraji. Pini ya zamani imekuwa nukta kwenye skrini. Ninayoipenda zaidi ni rula ya mtazamo wa kina. Kanuni zake ni za Florence ya karne ya 15, pale msanifu majengo Brunelleschi alipofanya majaribio yake na mwandishi Alberti akaziandika mwaka 1435: mistari sambamba inayokwenda mbali hukutana kwenye nukta ya upeo. Shida ya karatasi ni kwamba nukta hiyo mara nyingi huangukia nje, juu ya meza. Kwenye programu unaiweka nje ya ukurasa bila tabu, na kalamu ikianza tu kusogea, rula inatambua upande unaolenga na kukushikisha njia hiyo.

Mwaka 2014 Adobe walikwenda mbali zaidi: waliuza Slide, kipande halisi kama rula, cha kuwekwa juu ya kioo cha iPad, nacho kikaonyesha mistari ya kufuata. Hakikudumu sokoni. Mwaka uliofuata Apple iliweka rula kwenye programu yake ya Notes, na hiyo ipo mpaka leo: ukanda unaogeuzwa kwa vidole viwili, kalamu ikikaribia ukingo inanata. Ina kasoro ileile ya rula ya plastiki, kwani inafunika sehemu ya mchoro unaotaka kuiona, na inabidi uisukume pembeni.