Mwenye Inchi na Mwenye Mukanda

Kwa Kiluba tunasema mwine ntanda, mwenye inchi. Lakini mwenye inchi hakuwa muuzaji wa inchi. Alikuwa mutunzaji: mugeni akifika, anamuonyesha mahali pa kulima, muwindaji akiua nyama, anamupelekea sehemu yake. Tunaanza hapo sababu habari ya miti inayokatwa leo haieleweki kama mutu hajui namna gani pori lilitoka mikononi mwa wazee wetu.

Tarehe 1 Julai 1885, Leta ya Leopold II ilitangaza kama udongo usio na mwenyewe ni wake. Wazungu walitafuta nyumba na mashamba. Kule hawakuona kitu, wakasema ni tupu. Lakini pori la vinkubala, la bowa, la asali na la dawa, ao shamba lililoachwa lipumzike, ni tupu namna gani? Mwaka 1900 udongo wa Katanga ukawekwa chini ya Comité Spécial du Katanga. Kisha reli ya BCK ikafika Bukama 1918, ikapita hapa Kamina, na 1928 ikafika Port-Francqui, ndiyo Ilebo. Masini za moshi zilikula kuni, na kuni zilitoka katika pori hilo hilo "tupu".

Uhuru haukurudisha kitu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Leta. Juu ya udongo wa vijiji, iliahidi ordonansi ya Rais itakayopanga haki za wenyeji. Watoto waliozaliwa mwaka ule wakakuwa bajukuu-wenye bila kuiona! Kodi ya misitu ya 2002 nayo ikasema pori ni la Leta.

Ndiyo maana, kuanzia miaka ya 2010, wakati Wachina walitafuta sana mukula, kamioni zilijaza magogo upande wa Kasenga na Sakania, zikapita Kasumbalesa. Sheria iliwapa Wakongomani peke yao ukataji mudogo wa miti. Nyuma ya jina la Mukongomani, mara nyingi alisimama mugeni mwenye pesa. Shefu alipewa kitu, kijana wa kijiji akalipwa kidogo kwa muti, basi. Na mukula si muti wa mbao tu: maji yake ni mekundu kama damu, na wazee walitoa ndani yake rangi ya nkula ya sherehe. Mwaka 2019 CITES ikauweka kati ya miti ya kuchungwa. Miti iliyokwisha kwenda haikurudi.

Mulango mumoja upo. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu kijiji kupewa pori lake, mpaka hektari 50.000, bila kulipa na bila mwisho. Lakini mukanda huo unaomba karta, na karta inaomba mipaka ambayo majirani wamekubaliana. Hapa Katoto ni wazee wanaoijua: muto gani, kichuguu gani, muti gani mukubwa. Wako wachache, na fundi wa makala hawawangojei.