Mlango wa Barua Pepe

Barua pepe ilianza katika usawa. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alipeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao, na mwaka 1982 Jonathan Postel aliandika kanuni za kupokezana barua hizo. Kwa kanuni hizo seva yoyote, iwe kubwa au ndogo, iliweza kubisha hodi kwa nyingine ikafunguliwa.

Lakini mlango ulio wazi haukosi mdukizi. Tangu mwaka 1978 tangazo la biashara lilikuwa limekwisha pelekwa kwa mamia ya watu wasioliomba, na katika miaka ya 1990 barua taka zilizidi kiasi. Ndipo zilipotungwa orodha za anwani zilizokatazwa, kama zile za Spamhaus, iliyoanzishwa mwaka 1998. Zikafuata kanuni za kumthibitisha mpelekaji. Na mwaka 2024 Google na Yahoo walizifanya kuwa sharti.

Ulinzi huo ulikuwa wa lazima. Dhara lake ni kwamba mwenye seva yake ndogo, hata atimizapo masharti yote, aweza kukataliwa. Barua zake ni chache mno kumjengea sifa, na pengine huadhibiwa kwa makosa ya jirani ambaye namba ya anwani yake inakaribiana na yake. Mara nyingi hapewi sababu iliyo wazi. Kwa hiyo wengi wamehamia kwa wakubwa, na kila ahamaye huwaongezea nguvu.

Kanuni ya Postel imerekebishwa, wala msingi wake haukufutwa. Bali haki aliyoitoa kwa wote sasa hupatikana kwa idhini ya wachache.