Kufa, Kufiwa na Kuuawa katika Nchi ya Rufiji

Kuna vitenzi vitatu ambavyo mwalimu wa sarufi huweza kuvifundisha kwa siku moja, navyo ni kufa, kufiwa na kuuawa. Kufa hakumhitaji mtu wa pili; twasema mzee kafa, na maneno yametimia. Kufiwa hutaka jina la marehemu: amefiwa na mamaye. Kuuawa hutaka jina la mwuaji: ameuawa na fulani. Neno "na" ni lile lile, lakini mahali pamoja lamtaja aliyezikwa na mahali pengine lamtaja aliyeua. Mtu atakaye kujua jinsi watu wa delta ya Rufiji na wa Kibiti walivyofikiri juu ya mauti, na aanze na neno hili dogo kabla ya kwenda kwenye mizimu na matambiko. Maana kwa muda wa miaka zaidi ya 100 nchi hiyo imeona vifo vingi ambavyo "na" yake ilifichwa.

Kwa desturi kifo huko hutafutiwa sababu. Mzee aliyekula miaka yake akafa kitandani, wanawe wakimzunguka, husemwa amekufa kifo cha Mungu. Lakini kijana akifa ghafula, au watoto wawili wa nyumba moja wakifuatana kaburini, watu waliokaa matangani hunong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Kila mmoja wetu amepata kuketi jamvini akasikia mnong'ono huo. Twaukemea, na ni haki tuukemee, kwa kuwa umewaponza vikongwe wengi wasio na hatia, ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu na kuishi muda mrefu. Hata hivyo ndani yake mna wazo ambalo halifai kudharauliwa, ya kwamba mauti ya mtu hayaachwi yapite bila kuulizwa. Jambo la ajabu ni kwamba swali hilo, linaloulizwa kwa bidii juu ya homa ya siku tatu, halikuulizwa kwa bidii ile ile mauti yalipokuja kwa maelfu.

Katika 1904, kule Ngarambe, alitokea mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale, akasemwa kuwa amepagawa na pepo Hongo. Husimuliwa kwamba aliingia katika kina cha mto, jamaa zake wakamlilia kama mfu, naye akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Watu wengi wakamwendea, Wamatumbi na Warufiji na wa mbali zaidi. Aliwapa dawa ya maji, akasema risasi za Wadachi zitageuka maji. Hayo yajulikana na kila mtoto wa shule. Yasiyokumbukwa sana ni maneno yake juu ya wafu. Wazee waliohojiwa katika miaka ya 1960 na Gilbert Gwassa, mwanahistoria, walieleza kwamba Kinjikitile alifundisha kuwa wazee wao waliokufa hawakupotea, nao watarudi. Basi dawa yake ilihusu mauti yenyewe kabla ya kuhusu bunduki. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba baba yake atarudi, na kwamba yeye hatakufa, aweza kwenda vitani kwa moyo mwepesi mno.

Je, Kinjikitile aliua? Aliwaagiza watu wangoje mpaka atoe amri. Wamatumbi, waliochoshwa na mashamba ya pamba ya Serikali, hawakungoja. Katika Julai 1905 waling'oa pamba huko Nandete, na vita vikaanza. Yeye akakamatwa, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa huko Mohoro, wakati moto ulipokuwa ndiyo kwanza unawaka. Alikufa kwa ajili ya vita ambavyo hakuviamuru, baada ya kuwafungulia watu mlango wa kuviingia. Mimi siwezi kumwita mwuaji, wala siwezi kusema mikono yake ilikuwa mitupu.

Siku kumi baadaye, tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na watawa wanne njiani katika nchi ya Liwale. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliiendea boma ya Mahenge, wakaanguka mbele ya bunduki za mzinga kabla ya kufika ukutani. Hapo lilizuka jibu ambalo kwangu ni la kusikitisha kuliko kushindwa kwenyewe. Dawa ilikuwa na miiko: kutokulala na mwanamke wakati wa vita, kutokupora mali. Aliyeanguka, wakasema, alivunja mwiko. Hivyo aliyepigwa risasi akageuzwa kuwa ndiye aliyejiua, na "na" ya kuuawa ikamrudia marehemu mwenyewe.

Tena ikaja njaa. Kapteni Wangenheim alimwandikia Gavana Götzen kwamba kwa maoni yake vita vya silaha peke yake haviwezi kuwatiisha watu hawa, ila njaa na uhitaji. Ndivyo ilivyofanyika: vijiji vikachomwa, maghala yakatiwa moto, chakula kikachukuliwa, mbegu zikaliwa au zikateketea. Watu wakala mizizi, na wengine wakafa njiani wakitafuta nchi yenye mtama. Mapori yakafunika mashamba, na sehemu kubwa ya nchi hiyo baadaye ikafanywa hifadhi ya wanyama ya Selous.

Sasa sikilizeni lugha inavyosema. Tukiwauliza wazee juu ya watu hao, hutuambia walikufa kwa njaa. Hawasemi waliuawa. Kiswahili chatuwezesha kusema "kwa njaa" pasipo kumtaja aliyeileta, kama vile tusemavyo mtu kafa kwa ndui. Mimi naona mtu aliyechoma ghala akijua kuwa mvua ziko mbali ameua, ingawa hakumwona hata mmoja wa waliokufa.

Hesabu nazo zina sarufi yake. Kwa upande wao Wadachi walihesabu sawasawa: Wazungu 15, na Waafrika waliowapigania 389, askari na wasaidizi pamoja. Kwa upande wa pili hesabu ya Serikali yao ilitaja watu 75,000, jumla isiyo na jina hata moja. Naye Gwassa alikadiria baina ya 250,000 na 300,000. Tofauti kati ya makisio hayo mawili ni watu zaidi ya 170,000, ambao hatuwezi kusema kwa hakika kama waliishi wakafa.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, aliyenyongwa 1906, akaomba msamaha kwa waliyoyatenda Wajerumani huko. Wako waliosema msamaha hauli wala haunywi. Ni kweli, lakini katika sentensi yake mtenda alitajwa.

Kibiti haijapata sentensi ya namna hiyo. Katika 2016 na 2017 wenyeviti na watendaji wa vijiji, pamoja na watu wa chama tawala, walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa huko Mkengeni. Magazeti yakaandika: wameuawa na watu wasiojulikana. Tazameni jinsi "na" ilivyosimama mahali pake, ikafuatwa na ukungu.

Kisha likaja neno la nne, kutoweka. Vyombo vya dola viliingia kuwasaka wauaji, na katika siku hizo jamaa wa watu kadhaa walisema ndugu zao walichukuliwa wasirudi. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika juu ya mauaji hayo, hakuonekana tena tangu tarehe 21 Novemba 2017. Katika Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba alitoweka akafa; baadaye akasema hakueleweka vizuri.

Aliyetoweka hajafa wala hajauawa, na walio nyumbani mwake hawajafiwa. Mwislamu aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi, akitengwa na kutunzwa, kisha hutolewa eda na kurudi kwa watu. Lakini siku hizo huhesabiwa tangu mauti, na mauti hayakutangazwa. Hapana maiti ya kuoshwa wala sanda ya kukatwa, na jirani afikapo hajui kama aseme pole ya msiba au pole ya kungoja. Nasi wenye kazi ya sala, mama wa mtu huyo akija kabla ya ibada na kuomba mwanawe atajwe, twashika kalamu tusijue kama jina tuliandike pamoja na wasafiri, au pamoja na marehemu.