Banda la Bujora na Banda la Venice

Kwa mkazi wa Mwanza, banda la maonyesho ni neno la Nane Nane: viwanja vya Nyamhongolo, turubai na mabati, kila halmashauri na banda lake. Mji wa Venice, Italia, una utaratibu wa namna hiyo kwa mataifa. Maonyesho ya kimataifa ya sanaa yaitwayo Biennale yalianza mwaka 1895, na mwaka 1907 Ubelgiji ikajenga banda la kwanza la taifa katika bustani ya Giardini. Leo yapo 29, na kutoka Afrika ni Misri peke yake yenye lake. Nchi nyingine hupanga kumbi mjini, kama ilivyofanya Tanzania iliposhiriki kwa mara ya kwanza mwaka 2024.

Banda la Kanada lilifunguliwa mwaka 1958. Wasanifu wake walikuwa kampuni ya BBPR ya Milano, na fedha zilitoka katika fidia ya vita ambayo Italia iliilipa Kanada. Ni jengo dogo la matofali, mbao, chuma na vioo, linalojikunja kama gamba la konokono. Miti iliyokuwepo kiwanjani haikukatwa, ilizungushiwa vioo. Watazamaji wengi wameona humo umbo la hema za wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini.

Mwaka huohuo wa 1958, Mkanada mmoja alikuwa anajenga kando ya Ziwa Victoria. Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, alisimamisha kanisa la mviringo Bujora, Kisesa, yapata kilomita 20 kutoka Mwanza kwenye barabara ya Musoma. Hakuleta mchoro wa kwao. Alifuata msonge, nyumba ya Msukuma. Majengo haya mawili hayana undugu wa ramani, lakini yote mawili yanauliza jambo lilelile: watu wajengewe nyumba ya umbo gani ili wajitambue ndani yake?

Jibu la Bujora linaonekana vizuri zaidi katika Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa hapo mwaka 1968. Humo limo banda la kifalme, lililopewa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, mtawala wa jadi wa Wasukuma. Ndani zimehifadhiwa ngoma za kifalme, na hizo ndizo roho ya mahali pale. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Ngoma iliyokuwa ikitangaza kutawazwa kwa mtemi au msiba wake ikabaki bila ikulu, na kitu kilichopoteza kazi hupotea upesi: huliwa na mchwa, au huuzwa kwa mpita njia. Kuipa ngoma nyumba yenye umbo la kiti kulikuwa kuirudishia heshima yake.

Katika kukarabati, njia zinaachana. Banda la Kanada lilikuwa limechoka na kubadilishwa hapa na pale. Jumba la Taifa la Sanaa la Kanada lilisimamia ukarabati uliorudisha sura ya awali, chini ya Alberico Belgiojoso, mtoto wa mmoja wa wasanifu wa mwanzo. Lilifunguliwa upya Mei 2018, miaka sitini kamili tangu lijengwe. Hapo kanuni ni moja: jengo liwe kama lilivyokuwa.

Ngoma haikubali kanuni hiyo. Ngozi hulegea kwa unyevu na kupasuka kwa ukavu, na isiyopigwa nayo hufa kimya. Ngoma za Bujora bado hupigwa katika sikukuu za kanisa na ziara za viongozi. Kila Juni sherehe ya Bulabo huleta Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma, wacheze kwa wakati mmoja, kila kimoja kikivuta umati upande wake. Wachezaji wa Bayeye huja na nyoka wao, na wa Bugobogobo na majembe yao. Mhifadhi wa Ulaya angetaka kuifungia ngoma kongwe kabatini. Binafsi nasimama na Bujora, nikijua gharama yake: siku ngozi itakapochoka, itabidi iwambwe upya, na ile iliyosikika enzi za mtemi ibanduliwe. Gogo ndilo litakalobaki, na mkono unaojua kulipiga.